Toa Mguu, Baba Eve

…na glavu tena, hizo hizo za buluu, za watu wa mochari, na mwanamke amesimama juu yake, jua la saa saba likiwa nyuma ya kichwa chake, mkono mmoja umeshika kopo la dawa, mkono wa pili umeinuliwa vidole juu kama daktari wa kwenye sinema anayengoja kupewa kisu, anasema, "Toa mguu, Baba Eve," na Githinji hatoi, kwa nini atoe, Githinji amelala, si kofia iko usoni, mwanamume akiweka kofia usoni na miguu ndani ya beseni la barafu, katika uwanja wake mwenyewe hapa Umoja, mbele ya nyumba aliyoiongeza vyumba kwa jasho la mbuzi wa watu, huyo amelala, na mtu mwenye adabu angepita akinyata, lakini Wangeci na adabu ni wapi na wapi, "Toa mguu, maji hayo yatakuozesha," anasema, na Githinji anaachia mkoromo, si mkoromo wa kubahatisha, mkoromo wa kupanda na kushuka wenye kipenga mwishoni, kutoka soko la mbuzi la Kiamaiko mpaka Kware hajazaliwa mtu wa kukoroma macho wazi kama yeye, madalali wenzake walikuwa wakiusikia wanalegea, wanadhani mzee ameshasinzia juu ya gunia, halafu anawanyang'anya beberu mdomoni… akorome tu, glavu hizo hazitamgusa, yeye si mzoga, hata mbuzi wa kuchinjwa anashikwa kwa mkono mtupu, unampapasa mgongoni unasikia kama kuna nyama au kuna mifupa imevaa koti, unamshika mkia, unamshika chini ya kidevu, mkono ndio unanunua, macho yanasindikiza tu, na hakuna dalali Kiamaiko nzima anayempapasa mbuzi na glavu, angechekwa mpaka ahame soko, sasa mwanamke aliyemzalia Eve, aliyelala ubavuni mwake tangu nyumba hii ikiwa chumba kimoja na jiko la mafuta ya taa, ndiye wa kumvalia mpira kama mtu anayezibua choo, kisa nini, kisa miguu imekuwa myekundu, basi, miguu myekundu ndiyo imemtoa kwenye hesabu ya watu.

Na myekundu kweli, hata yeye akiiangalia huwa anageuza uso, kama maini yaliyotoka tumboni sasa hivi, yanang'aa, na moto wenyewe, huo moto… watu wakisikia moto wanadhani ni mdomo tu, wanadhani ni kuwashwa, yeye angependa amkamate mmoja wao, amkamate Jumbe kwa mfano, Jumbe wa duka, amvue viatu na kibarakashia chake, amsimamishe juu ya makaa ya nyama choma, halafu achukue makaa hayo ayaingize ndani ya mfupa na kufunga mlango kwa nje, hapo ndipo waongee, na barafu ni ya kudanganya tu, moto uko palepale chini ya maji, umejikunyata kama mbwa wa mlinzi, maji yakipata uvuguvugu kidogo unainuka… unainuka sasa hivi, kwenye nyayo, wa kulia unaanza, wa kushoto unafuata, na barafu ya Jumbe imebaki vipande kama peremende zilizolambwa, Jumbe ni mwizi, barafu yake inayeyuka haraka kuliko barafu za watu wengine, bila shaka ameitia kitu. Yule daktari wa ngozi, msichana tu, miwani mikubwa kuliko uso, ndiye aliyemtajia jina, jina refu kama treni ya mizigo, erithromelaljia, alilikariri njia nzima asilisahau, msichana akamwambia, mzee, vimishipa vya damu na vya fahamu huko miguuni havielewani, joto kidogo tu milango yote inafunguka kwa pamoja, ni ugonjwa wa nadra, pengine mtu mmoja katika laki moja, na baada ya hapo Githinji hakusikia kingine, mmoja katika laki moja, kesho yake akaenda kusimama katikati ya zizi Kiamaiko, amevaa kandambili, akawatangazia, akamwambia Burale, dalali mwenzake, mbele ya watu, "Wewe Burale una nini? Una presha. Hata makanga wa matatu ana presha. Mimi ugonjwa wangu, ukitaka mwenzangu, uanze kuhesabu watu hapa ufike Thika na urudi," na Burale akamwangalia na yale macho yake ya kutafuna mirungi, akasema, "Githinji, miguu yako imekanyaga kitu. Leta nikutibu," na hapo ndipo, hapo ndipo Burale alipostahili kuuawa na hakuuawa, kwa sababu ya urafiki.

Kwa maana dawa ya Kiamaiko inajulikana, mtu akiteguka, akivimba, akiangukiwa na beberu, anachunwa mbuzi mweusi na ngozi inafungwa pale panapouma ikiwa bado na joto la mnyama, manyoya nje, damu ndani, na dawa ya watu wa kwao Githinji nayo ni hiyo hiyo kwa jina lingine, ile chupa nyekundu ya pilipili ya kuchua, ichome mpaka machozi, isipochoma umeuziwa maji, tangu azaliwe hajaona dawa ya kupaka isiyochoma, mamake alimpaka ikachoma, Wangeci alimpaka ikachoma, sasa wakamketisha juu ya debe, Burale anafunga ngozi mguu wa kulia, mwingine anafunga wa kushoto, na joto lile la mbuzi lilipofika kwenye mifupa… yeye hakulia, watu wanasema alilia, alikohoa, alikohoa kwa nguvu kidogo na mbuzi wakavunja zizi wakatokea barabarani, wengine walishikwa mtaa wa Huruma, wengine hadi leo wanatafutwa, na Burale anamshikilia mabega akisema "Inatoka, inatoka," kinatoka nini, mjinga huyu, kilichokuwa kinatoka ni roho. Halafu ndipo yeye na Wangeci wakarudi kwa huyo msichana wa miwani, akaona mabaki ya damu ya mbuzi kwenye kucha, hakuuliza, akaandika dawa ya kupaka, ya kuchanganywa, haiuzwi ikiwa tayari, mfamasia anayeitwa Ndambuki anaisaga nyuma ya duka lake, ya ganzi moja na nyingine mbili ambazo watu wengine huzimeza, anazitia ndani ya mafuta meupe yasiyo na harufu, na Githinji alipoipaka mara ya kwanza, palepale dukani, akangoja ichome, haikuchoma, akasema tumeibiwa. Kumbe… kumbe usiku ule alilala. Hilo hamwambii mtu. Wangeci alikaa kwenye stuli ndogo, amerudi kutoka kibanda chake cha chapati, bado ananuka unga na moshi, akachukua mguu wa mumewe akauweka pajani, akachota dawa kwa vidole vyake, mkono mtupu, akapaka kutoka kisigino mpaka kwenye kidole gumba, taratibu, kila jioni na kila asubuhi kabla hajaenda kuwasha jiko, na moto ukawa unarudi nyuma kama mtu aliyefukuzwa kwa heshima, na wiki ile Githinji alivaa viatu, viatu vya ngozi, akaenda Kiamaiko kwa miguu, akasimama akapapasa mbuzi mpaka mchana, na akirudi akamsimulia kila aliyekutana naye kwamba amecheza mugithi juu ya meza… naam, ni uongo, lakini angeweza.

Na wiki hiyo hiyo ndipo mke alipoharibika. "Baba Eve," anasema sasa, "narudi kazini, usinichezee," kopo linagongwa kwa kidole cha mpira, tuk, tuk, na Githinji anakoroma, na akili inapiga hesabu yake, kwa sababu yeye si mjinga, aliishia darasa la sita kwa kupenda kwake, angetaka angefika mbali, wiki hiyo hiyo Wangeci alirudi jioni ncha za vidole zimetoka malengelenge, kidole cha shahada na cha kati, vimebabuka, mpika chapati tangu ujana anaungua vidole kama bibi harusi, Githinji akamwambia, "Chapati inataka akili, wewe akili uliiacha wapi?" naye akavifunika kwa leso, na anayefunika ana la kuficha, na kesho yake, akiwa amesimama nyuma ya upenyo wa geti, hakuwa anapeleleza, alikuwa anaangalia lango lake mwenyewe, alimwona kwa macho yake, Wangeci dirishani kwa Jumbe, ametumwa barafu, mfuko wa barafu uko mkononi, na haondoki, anaongea, Jumbe ameegemea ndani anaongea, anacheka, mfuko unachuruzika maji mpaka kwenye kiwiko cha mwanamke na yeye hana habari, ni maneno gani matamu hivyo ya kumsahaulisha mtu barafu iliyo mkononi mwake, mume anaungua nyumbani na dawa yake inamwagikia viatu vya mke mbele ya friji ya mwanamume mwingine… na kesho yake tena akaja na glavu. Vidole vinaungua kwa kuwaza, mkono unachoka kumshika mume, mpira unaingia katikati. Hata kipofu angeona. Akamwambia siku ile, "Ukinishika na hivyo vitu nitakupiga teke," na teke lenyewe hawezi, mguu ukigusa blanketi tu anaona nyota, lakini alisema, na kopo likarudi kabatini, na beseni likarudi uwanjani, na sasa ni siku ya ngapi, hajui, na asubuhi hii…

Asubuhi hii alinusa kitu. Kidole gumba cha kushoto, kando ya ukucha, ngozi imegeuka nyeupe kama mkate uliozama kwenye chai, imefunguka kamstari, na msichana wa miwani alishaonya, alionya mbele ya Wangeci, kwa sauti ya chini kabisa, "Mzee, barafu ndiyo itakayokuvua kidole, si ugonjwa. Ukiendelea kuloweka, nitakikata, na sitapenda," na Githinji, ambaye maisha yake yote ameishi kwa kujua nyama iko hai na nyama inakwenda, aliinama juu ya mguu wake mwenyewe alfajiri, akavuta pumzi, akajua. Inakwenda. Kidogo tu, ukingoni, lakini inakwenda. Akavaa soksi juu ya harufu hiyo mpaka Wangeci alipoondoka, akajaza beseni, kwa sababu moto ulikuwa umeshaamka na angefanya nini, angeomba? Amwombe nani, mwenye glavu?

Wangeci anasonya, msonyo mrefu wa kusafisha meno yote, na kandambili zake zinaondoka, kwap, kwap, hazifiki mbali, zinasimama ukutani kwa majirani, kwa sababu Rufaida ameita, Rufaida mke wa Jumbe, mwanamke wa watu, anafua upande ule na sauti yake inapanda juu ya ukuta na povu lake, "Mama Eve, mgonjwa wako kalala?" na Wangeci anajibu, "Si unamsikia? Kama mashine ya kusaga," na Githinji, kwa ajili yao, anaongeza kipenga. "Vidole je, shoga?" Vidole. Naye Rufaida anajua habari za vidole. "Vimepona. Hiki tu bado hakijaisha, ngozi imekuwa ngumu." Pikipiki inapita nje ya geti na kula maneno, kisha Rufaida anacheka, "…Jumbe naye kila siku hadithi ni hiyo hiyo, hachoki…" na Githinji chini ya kofia anahisi damu inapanda na miguu inapanda nayo, Jumbe, si alisema, si alisema, mke wa mtu analetewa salamu za Jumbe na mke wa Jumbe mwenyewe, wote wako kwenye mchezo, ukoo mzima, atainuka sasa hivi, atainuka na beseni mkononi awamwagie… "anasema, huyu mama kasimama dirishani kwangu hadithi nzima, barafu i mkononi, maji yamchuruzika mpaka huku, wala hana habari. Nikamuuliza, Mama Eve, hiyo barafu haikuumi?" Na Wangeci anasema, "Nami nikamwambia barafu gani." Wote wawili wanacheka, kicheko kifupi cha Wangeci kinaisha kabla ya cha mwenzake. "Ndipo nikajua, Rufaida. Tangu jana yake nageuza chapati, nasikia harufu ya kitu kinaungua, naangalia unga, naangalia mafuta. Kumbe ni mimi."

Kumbe ni mimi… Githinji amesahau kukoroma. Anakoroma haraka, unatoka mbaya, kama wa mtu aliyekabwa. "Na huyo Ndambuki akasemaje?" "Akaniuliza nampaka na nini. Nikamwambia na mkono, kwani nimpake na mwiko? Akasema, basi mkono wako ndio umekuwa ukinywa dawa ya mzee. Akanipa hizi glavu." "Na mwenyewe hujamwambia?" Nguo inakamuliwa, maji yanaanguka, na Githinji anangoja na yeye, hajawahi kungoja jibu kama hili hata kwenye bei ya fahali, na sauti ya mkewe inakuja bila kupunguzwa, "Nimwambie ili iweje? Ataitupa. Huyu anatafuta sababu tu. Nikimwambia imenila vidole atasema ni sumu, atarudi kwa Burale avalishwe mbuzi. Acha aseme namwonea kinyaa, acha aseme nina Jumbe. Hizo nimezizoea. Kidole kikikatwa, nani atakaa naye humo ndani, si ni mimi?"

Mbwa hawa, anawaza, mbwa hawa wanawake, wanamkalia kikao akiwa hai kama marehemu… halafu hasira inatafuta pa kukaa na haipati, inamzunguka, inaenda kwa Jumbe, inamkuta Jumbe dirishani na kibarakashia chake anauliza swali la maana ambalo yeye mume hakuliuliza, inaenda kwa Ndambuki, angemwambia mapema, basi kwa nini hakumwambia mapema, atamwendea, atamshika shati, naye atasema nini, atasema mzee, ulipoipokea dawa uliondoka ukinitukana kwamba haichomi, hukungoja maelezo… inaenda kwa Wangeci, aliyesema ataitupa, na angeitupa kweli, shetani wa mwanamke, angeitupa na angekuwa na furaha, angesimama katikati ya zizi asimulie jinsi dawa ya mjini ilivyotaka kumwua mkewe akaiona mapema. Na zile asubuhi. Anampaka, ananawa, anaenda kuwasha jiko. Yeye anavaa viatu vya ngozi anaenda Kiamaiko kutamba, na mkono wa Wangeci, uliotulia kama mguu wake ulivyotulia, dawa ile ile, ganzi ile ile, unaenda kwenye chuma cha moto. Chapati haigeuzwi kwa macho. Anajua, amemwona tangu wakiwa wachumba, kidole kinagusa ukingo, kinajua kama imeiva, kinaigeuza, mkono ndio unapika, macho yanasindikiza tu… ni kama kumpa Githinji mkono wa mbao na kumwambia anunue mbuzi. Na hapo, bila kuitwa, kinaingia kijiwivu, kijiwivu kichafu, kwamba yeye angetoa zizi zima la mbuzi apate hiyo ganzi kwa saa moja, asisikie barafu, asisikie makaa, na mwenzake aliipata bure na haikumfaa chochote, ilimchoma tu, na yeye akamuuliza akili aliiacha wapi.

Kwap, kwap. Kandambili zinarudi. Na je, kama alijua? Hilo linamjia sasa hivi, baya kuliko yote, kwamba ule ukuta uko hatua chache tu kutoka kwenye kiti chake, kwamba Wangeci hakushusha sauti hata kidogo, kwamba amelala na mkoromo wa kweli wa Githinji miaka yote hii na hauna kipenga. Kivuli kinamfunika miguu, jua ni lile lile la saa saba, kopo ni lile lile, hata bila kuondoa kofia anajua mkono umeinuliwa tena vidole juu, na barafu imekwisha, na moto umeshasimama wima kwenye nyayo zote mbili unamngoja aamue.

"Toa mguu, Baba Eve."

Asimwambie amesikia. Hilo hatalipata, hata akifa, hatampa. Chini ya kofia anatafuta neno la kumtukania, na analikosa, yeye Githinji, kati ya maneno yote aliyonayo… na mguu wa kushoto, ule wenye harufu, unatoka ndani ya maji peke yake kama si wake, unaning'inia juu ya beseni ukidondosha maji.

"Hiyo glavu," anasema kwa ukali, "hebu iangalie kwanza. Haijatoboka mahali?"